Tanuri Lililogoma Kupanda Moto

Mama yangu alifundishwa, naye akanifundisha, kwamba mtungi mzuri ni ule unaotoa jasho. Ukiujaza maji jioni, asubuhi ukiupapasa tumbo unakuta limeloa, na maji ya ndani ni ya baridi mpaka meno yanauma. Mtungi mkavu ni mtungi mfu. Wanawake wa kwao, huko milimani upande wa Berega, hawaupokei hata wakipewa bure. Kwa hiyo siku mpishi mkuu wa hoteli moja ya watalii kule Mikumi alipotuambia, kwa upole kabisa, kwamba vikombe vyetu vinatoa jasho, mama alitabasamu akasema ahsante.

Ilibidi nimnong'oneze kwamba hatusifiwi. Yule mpishi, dada wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alitandika mbele yetu kitambaa cheupe cha meza chenye madoa ya chai, duara moja kwa kila kikombe. Kisha akaleta bakuli letu moja, lililokwisha kuoshwa na kuoshwa tena, akatuomba tulinuse. Lilinuka samaki. Mama alilinusa, akalinusa tena, akaliweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto. Mpishi alisema rangi yake anaipenda na wageni wanalipiga picha, ila chombo cha mezani hakitakiwi kunywa kile kilichowekwa ndani yake. Alikuwa ameuliza kwa wanaojua. Udongo wenye mchanganyiko mzuri, moto wake ukifika nyuzi elfu moja na mia mbili, unafumba vitundu vyake wala haunywi tena. Mvua zikiisha wageni watarudi, na meza zake lazima ziwe na vyombo. Kama vyetu vitakuwa vimeacha kunywa, atachukua vyetu. Kama bado, ataagiza vya dukani Dar, na tusione vibaya.

Tukashika njia ya kurudi Kilosa. Kwenye kijiji cha Ulaya, kilichoko njiani, tulikuta siku ya gulio, na yeye ni mtu asiyeweza kupita gulio bila kushuka kubishana bei ya kitu asichokihitaji, lakini siku hiyo hakugeuza hata shingo. Tulipofika nyumbani alikusanya vitu vyake vya kazi: kokoto laini la kusugulia, vipande vya kibuyu vya kukwangulia, na gunzi la kuchorea nakshi. Akavifunga kwenye kanga kuukuu, akavipandisha juu ya kabati.

"Nimeacha," alisema. "Udongo aliousifia mama yangu leo unanuka samaki. Nimeacha."

Nilidhani ni hasira za safari. Wiki ikapita, kanga ile haikushuka. Mama alishinda kwenye mkeka barazani, na mikono yake, ambayo sijawahi kuiona imekaa bure, ikawa inasugua pindo la kanga aliyojifunga, inasugua, inasugua, kana kwamba pindo lina mikwaruzo. Niliogopa sana. Nimeona wazee wakiachishwa kazi yao, najua huwa hawaishi muda mrefu. Hoteli ilikuwa jambo jema na sitasema uongo kwamba sikuitaka, lakini nilichokitaka kuliko vyote ni mama arudi kwenye udongo wake. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu zote nilizielekeza kwa tanuri. Nikaapa litafika elfu na mia mbili au litapasuka.

Tanuri lenyewe, nililoliweka kwenye banda la uani, lilikuwa pipa la matofali meupe mepesi lililovikwa bati, kimo chake kinanifika kiunoni, na kifuniko kinachofunguka kwa juu. Ndani, kwenye mifereji ya matofali, zililazwa koili kama za jiko la umeme, ila nene zaidi. Nililipata kwenye chuo kimoja cha ufundi huko Morogoro, walikokuwa wamelisahau stoo mpaka kuku wakaligeuza kiota. Lilikuja Kilosa juu ya lori la vitunguu, na mpaka leo likianza kupata joto utadhani kuna mtu anakaanga. Pembeni lina kisanduku kinachoonyesha joto kwa tarakimu nyekundu. Tarakimu hizo nimezitazama kuliko nilivyomtazama mume wangu, na yeye mwenyewe amewahi kulisema hilo.

Siku ya kwanza kabisa nilipoliwasha, zamani kidogo kabla ya habari za Mikumi, mama alikuja na kigae. Kwao hakuna moto wa vyungu unaowashwa bila kigae cha waliotangulia. Vyungu vikishapangwa na kufunikwa kuni na nyasi, mwanamke mkubwa kuliko wote anaweka juu kipande cha chungu kilichovunjika cha mama yake au cha bibi yake, ndipo kiberiti kinawashwa. Hakitolewi mpaka moto ufe wenyewe. Tunasema wakubwa wanavikagua vyungu vipya. Cha kwetu ni kipande cha shingo ya mtungi wa bibi, ukubwa wa kiganja, cheusi kwa mioto yote iliyokipitia. Nilitaka kukiweka juu ya kifuniko cha tanuri, mama akakataa, akasema pale kitakuwa kinaota jua tu, na kigae lazima kionje moto. Basi nikakiweka ukingoni, nusu ndani, nusu nje, nikashusha kifuniko juu yake. Toka siku hiyo kila nikiwasha nilifanya hivyohivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Hata baada ya kuacha kufinyanga, kigae mama hakukiacha. Nilipomuuliza alisema kufinyanga ni kwake, anaweza kukuacha, ila kigae si chake.

Nilifinyanga mwenyewe vikombe vya majaribio. Nilitumia udongo wake mwekundu wa bonde la Mkondoa, nikachanganya na udongo mweupe wa Pugu ambao mafundi wenzangu walinihakikishia kuwa unastahimili moto. Nikawasha. Tarakimu zilikimbia hadi elfu moja kama mtoto anayetumwa dukani kununua pipi, zikaanza kujivuta, na zilipofika elfu na sabini zikakaa. Nikangoja, zikakaa. Nikazunguka nyumba, nikarudi, zimekaa. Nikazima nikiwa nimevimba uso kwa hasira.

Nikamwita fundi umeme wa Kimamba, baba mwenye pikipiki na maneno mengi, ambaye husema kuhusu kila kitu kwamba aliwahi kukitengeneza kikubwa zaidi. Alimwamkia mama, akainua kifuniko, akachungulia, akatingisha kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa. Alisema koili zimezeeka, zinawaka kwa mazoea tu. Koili ikizeeka, waya wake unazidi kuubania umeme, na moto unapungua kila mwaka bila mtu kujua. Maelezo hayo nilikuja kuthibitisha kuwa ni ya kweli, japo siku hiyo aliyatia chumvi mpaka nikatilia shaka yote.

Koili mpya zilikuja kutoka Dar zikiwa zimebanana. Tulifunga ncha kwenye mpera, fundi akavuta upande wa pili akirudi kinyumenyume uani, mimi nikipima urefu kwa kamba, na majirani wakauliza tunategea nini. Jioni yake zilikuwa zimekaa kwenye mifereji yake zinameta. Kesho yake nikawasha, na ile elfu na sabini tulipoipita nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Elfu na themanini. Elfu na tisini. Nilikuwa nataja kila namba kwa sauti, fundi ananiitikia kama kibwagizo. Elfu moja mia moja, na kidogo juu yake. Halafu zikakaa tena.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya mama kutoka barazani. "Imefika ngapi?"

Nilimtajia. Akajifanya ni mwingine aliyeuliza. Lakini nilikuwa nimesikia, na moyo wangu uliruka kuliko ulivyoruka kwa namba yoyote.

Fundi hakukubali kushindwa mbele ya mama. Alifuata waya kutoka mita hadi bandani, akaushika, akaniita niushike. Ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Ulikuwa waya mwembamba uliotegemewa kuwasha taa na redio, nasi tumeubebesha tanuri. Umeme unaishia njiani, alisema fundi, unapasha ukuta badala ya vikombe. Tukaweka waya mnene kama kidole gumba. Nilimsifia mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akaanza kuniahidi kwamba sasa tutayeyusha chuma cha reli. Tuliwasha, tukapita mia moja na ishirini, tukapita na thelathini, mimi nimeshika kichwa kwa furaha, na mara tarakimu zikaanza kurudi nyuma. Si kwamba zimekaa. Zinashuka mbele ya macho yangu.

Nikasikia ngurumo. Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna mashine ya kukoboa mpunga, mali ya mzee aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, na mashine hiyo iko kwenye nguzo moja na sisi. Ilipowashwa, taa ya bandani ikafifia. Nilitoka pale mbiombio nikiwa nimeshapanga maneno makali ya kutosha. Nikamkuta mzee mweupe kwa vumbi la pumba, anakinga mchele mkononi. Hasira au si hasira, alikuwa mkubwa kwangu, ikabidi nianze na shikamoo. Ukishasema shikamoo, nusu ya hasira imeondoka. Ukishajibiwa marahaba na kuvutiwa kigoda, hata hiyo nusu nyingine inatafuta njia ya kutokea. Nikamweleza shida yangu kama mtu mwenye adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema Jumapili yeye hakoboi kwa sababu anaimba kwaya, na kama Mungu anapewa Jumapili, tanuri nalo linaweza kupewa sehemu yake inayobaki.

Basi Jumapili ikawa siku yetu. Nilijifunza hata saa za mji mzima. Asubuhi mapema umeme ni hafifu kwa sababu kila nyumba inapiga pasi nguo za ibada, wakishatoka kwenda makanisani nguvu inarudi. Nilikuwa nachungulia barabarani nikingoja mashati meupe yapite, nikiona yamepita nawasha. Mume wangu alisema mimi peke yangu Kilosa ndiye ninayewahimiza watu kwenda kanisani ili nibaki na umeme wao.

Jumapili ya kwanza tulifika elfu moja mia moja na sitini. Nilidhani nitaruka kama kuku. Kisha zikakaa. Jumapili iliyofuata, sitini. Iliyofuata tena, sitini ileile. Koili mpya, waya mnene, mashine ya mpunga imelala, mji mzima uko ibadani, na sitini imekaa kama imepanga chumba. Mvua zilikuwa zimeanza kuwa za manyunyu tu. Nilijua hazitachukua muda kuisha.

Siku hiyo ya tatu, kwa sababu ya yale manyunyu, nilikuwa nimeanika kanga yangu ndani ya banda, kwenye kamba inayopita juu ya tanuri. Nikakaa kwenye ndoo nikitazama mstari wa mwanga. Sijausimulia bado. Tanuri likipamba moto, chini ya kifuniko, upande wa kile kigae, ulikuwa unatokea mstari wa mwanga mwembamba kama ukucha, kwanza mwekundu, kisha wa chungwa, kisha wa njano. Ulikuwa mzuri sana. Kila aliyekuja nilimwonyesha. Fundi aliupiga picha akauweka kwenye status yake, akaandika maneno ya kujisifu. Mimi niliuona kuwa ndio uhai wa tanuri, na nikiuona nilitulia moyo. Sasa nikawa nautazama, na juu yake kanga inapepea.

Inapepea na nini? Nilitazama mlango, umefungwa. Nikatoka nje, majani ya mpera yametulia kimya. Nikarudi ndani, pindo la kanga linainuka na kushuka, linainuka na kushuka, palepale juu ya mstari wa mwanga na si pengine. Nikapeleka mkono taratibu. Upepo wa moto ulitoka pale ukanichoma nywele za mkono. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimesumbua Dar nzima, nimebadilisha waya, nimesimamisha mashine ya watu, kumbe moto nautoa mwenyewe mlangoni, nao kila Jumapili unapita mbele ya macho yangu nausifia uzuri wake.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu mpaka nikalazimika kushika ukuta, halafu nikachukua koleo ili nikitoe kigae.

"Usikiguse," mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui toka lini.

Nilimweleza. Nilimwonyesha kanga, nilimwonyesha mwanga, nilimwambia ni kidole kimoja tu cha uwazi kinachotunyima vikombe, hoteli na kila kitu. Alisema ameelewa, lakini moto umeshawaka, na kigae hakitolewi kwenye moto unaowaka. Nikamwambia basi Jumapili ijayo tuwashe bila kigae. Akasema bila kigae nitawasha nikiwa peke yangu, na nikiwa peke yangu nisimwite mama. Nilipandwa na mori, nikasema kwamba kumbe bibi ndiye anayetubania. Mama aligeuza mgongo. Alitoka, na tanuri nikaliacha life na sitini yake. Jioni ile tulikula ugali bila kutazamana, mume wangu akila haraka ili aondoke katikati yetu.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Kisha asubuhi moja nafagia banda, mama akaja na kigae kimefungwa kwenye kitambaa. Akachungulia ndani ya tanuri kwa muda mrefu.

"Humo ndani, katikati ya hivyo vikombe vyako, hakuna nafasi?"

 Nilimwambia nafasi ipo, lakini kigae ni udongo mtupu wa bondeni, hauna hata chembe ya ule mweupe, na kwenye moto ninaoutafuta kinaweza kuyeyuka kisionekane tena. Kitu hicho kimoja ndicho tulichobaki nacho cha bibi.

"Unataka vikombe vya udongo huohuo vistahimili," alisema, "halafu bibi yako unamhurumia? Mwache akae na wenzake."

Jumapili ile mama mwenyewe alikiweka. Alikisimamisha kwenye rafu ya katikati, kimezungukwa na vikombe, akarudi nyuma. Nikashusha kifuniko, na kwa mara ya kwanza kikakaa sawasawa juu ya ukingo, kikatoa mlio mzito. Mashati meupe yakapita barabarani. Nikawasha.

Banda lilikuwa giza ajabu bila ule mstari. Mara mbili nilidhani tanuri limezimika, nikaenda kusikiliza koili zinavyonguruma. Lakini tarakimu zilikuwa zinapanda kwa mwendo mmoja, hazijivuti. Sitini ilikuja, ikapita kama kituo ambacho treni haisimami. Fundi alikuwa amekuja kwa udadisi, akaanza kuniambia alijua toka mwanzo, nikamwomba kwa heshima anyamaze, akanyamaza. Mia moja na sabini. Themanini.  Tisini ilipotokea hakuna aliyeitaja, tuliogopa kuishtua. Na mara zile tarakimu nyekundu zikajipanga upya: elfu moja mia mbili.

Nilipiga vigelegele. Sikujua kama bado naviweza. Wanawake wa nyumba za jirani, bila kujua ni habari gani, wakaniitikia, kwa sababu kigelegele hakiachwi peke yake. Mama alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Zima basi," alisema. "Vimeiva."

Tanuri likifika moto huo huwezi kulifungua siku hiyohiyo, vyombo vitapasuka. Nililizunguka kesho yake yote kama fisi. Mama alipoweza kulaza kiganja juu ya kifuniko bila kukiondoa, ndipo aliponiruhusu. Vikombe vilikuwa vimeingia vyekundu kama tofali, vikatoka na rangi ya ukwaju ulioiva, vimesinyaa kidogo, vizito mkononi. Nilikigonga kimoja kwa ukucha. Kililia kama kengele ya baiskeli.

Kigae kilikuwa kimeinama. Kilisimama kikiwa wima, sasa kimelala ubavu juu ya rafu, kimekunjika kama chapati, cheusi, kinang'aa kama kimepakwa mafuta, na kimegandana na rafu hakibanduki. Nilishika mdomo. Mama akainama, akakigonga naye, kikalia.

"Bibi yako," alisema, "hajawahi kuinama mbele ya mtu maisha yake yote."

Akacheka, nami nikacheka, na toka siku ile rafu hiyo huingia tanurini na bibi juu yake, na kifuniko hufunga.

Nilijaza vikombe maji nikavipanga juu ya majivu makavu jikoni. Kulipokucha majivu yalikuwa makavu vilevile. Nilimwita mama aone. Aliona. Akasema vizuri, akanishika bega, akarudi kwenye mkeka wake. Nilimfuata kwa macho. Mikono ikaanza kusugua pindo la kanga. Juu ya kabati, furushi lake lilikuwa palepale, limeshashika vumbi. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani moto ukipanda, kila kitu kitapanda nao. Nilikwenda nyuma ya banda nikakaa, na furaha yote ya Jumapili ikanitoka.

Hata hivyo safari ya Mikumi ilikuwa lazima, nikamsihi mama anisindikize. Jua lilikuwa limerudi, barabara kuu imejaa malori, nyani wamekaa pembezoni wakingoja maganda ya ndizi. Mpishi tulimkuta jikoni anakanda unga wa chapati. Alimwamkia mama, akatukalisha kwenye meza ndefu ya mbao, akatandika kitambaa cheupe, na bila maneno mengi akajaza chai kikombe kimoja akakiweka katikati ya kile kitambaa. Akaendelea kukanda. Tuliongea habari za mvua na za bei ya mahindi, na hakuna aliyekuwa anasikia anachosema mwenzake. Chai ilipopoa aliinua kikombe. Kitambaa kilikuwa kikavu, cheupe, kama kilivyotoka kwenye pasi.

Alisema atavichukua, na mabakuli na sahani pia, kadiri tutakavyoweza. Nilishukuru, nilifurahi kweli, lakini jicho langu lilikuwa kwa mama. Alikuwa amekivuta kile kikombe, anajaribu kupitisha kidole kwenye mkono wa kukishikia.

"Nani alifinyanga mkono huu?" aliuliza, na anajua vizuri kabisa ni nani.

Nikasema ni mimi.

"Kidole changu hakiingii. Cha mgeni aliyeshiba kitaingia wapi?"

Kisha, bila kuomba ruhusa, alinyoosha mkono akamega donge la unga kwenye meza ya mpishi. Akalibiringisha kwa viganja likawa refu. Akachovya vidole kwenye maji, akalivuta, taratibu, likawa jembamba huku na nene huku, akalikunja, akalipachika ubavuni mwa kikombe upande wa pili, akasugua maungio kwa kidole gumba mpaka yakapotea. Akapitisha kidole. Kiliingia. Hakuridhika, akaubandua, akamega donge jingine. Mpishi aliacha kukanda. Mama alifinyanga mkono wa pili, akafinyanga wa tatu, kichwa kimeinama, mdomo umejikaza kwa upande kama unavyojikazaga toka mimi mtoto, unga umemjaa hadi kwenye viwiko, na alikuwa ametusahau wote wawili.

"Ule udongo uliobaki nyumbani," aliniuliza bila kuinua macho, "umeufunika?"

Nikasema nimeufunika. Nilikuwa sijaufunika. Nikatoka nje ya jiko, nikalia kidogo nyuma ya matangi ya maji, nikampigia jirani simu, nikamwomba akimbie sasa hivi, asingoje hata kuzima jiko lake, akafunike udongo wa mama kwa gunia bichi kabla haujakauka.